Bodi ya MR2 yangu ya paa la kutoa inacheza. Nimefunga vyuma, hali imezidi kuwa mbaya

PaaWazi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota MR2 SW20 ya 1992, injini 3S-GE isiyo na tabo, paa lile la vioo viwili vya kutoa na mhimili mmoja wa chuma katikati. Niliinunua mwaka juzi kwa mzee mmoja aliyekuwa anaitoa wikiendi tu. Injini safi, gia zinaingia laini, watoto wa mtaani wanaikimbilia. Tatizo ni moja na limeanza kuninyima raha: bodi inacheza.

Nikipita matuta ya rasta, hata kwa mwendo wa pole, kioo cha mbele kinatikisika kivyake na stelingi kivyake, utadhani vimekutana barabarani. Kuingia kwangu Mbezi kuna mtaro ambao lazima uuvuke kimshazari, tairi moja moja. Hapo mlango wa dereva unalia "kwe" kwenye kitasa na vioo vya paa vinasagana na raba. Juzi nikasimama pale pale, tairi la nyuma kulia likiwa juu ya ukingo, nikataka kushuka nimlipe bodaboda. Mlango ukagoma. Nikausukuma kwa bega. Nikivua vioo nikaviweka nyuma ya siti, ndiyo usiseme.

Nimeshafanya haya: springi fupi ngumu, rimu 17 na tairi za ubavu mwembamba, bomba la kuunganisha vichwa vya shokapu mbele na jingine nyuma. Pesa imekwenda, na gari limekuwa baya kuliko nilivyolikuta. Sasa kuna fundi ananishawishi tuchomelee vyuma viwili chini, toka mbele mpaka nyuma, "iwe ngumu kama Hiace". Kabla sijamwachia funguo nikaona nije kwenu.

Mzee wa IST

Uza, nunua IST. Ukitaka upepo shusha kioo.

Nondo Nyundo

Mleta uzi, mimi ni fundi bodi, mwaka wa kumi na tisa huu. Huyo wa "kama Hiace" mkimbie. Kwenye SW20 tangi la mafuta halikai nyuma kama ulivyozoea kwenye gari nyingine. Limelala katikati, ndani ya lile handaki linalotenganisha siti mbili. Mtu akichomelea sakafu bila kulishusha, mrejesho humu hutauleta wewe, wataleta ndugu zako.

Sasa kwa nini inacheza. Chukua kiberiti, toa kidroo, ubaki na ganda. Lishike ncha mbili ulinyonge: linagoma kiasi chake. Kisha lichane kwa wembe upande mmoja kwa urefu wote, ulinyonge tena. Limelegea kama karatasi, na hujapunguza hata chembe ya uzito wake. Paa la gari ndiyo huo upande uliochanwa. SW20 haina chasisi ya pembeni kama pikapu, bodi ndiyo chasisi. Toyota waliiuza pia ikiwa na paa zima la bati, na hiyo haina maneno mengi. Kwenye yako wamebakiza mhimili wa katikati, mzigo uliobaki wakautwisha masanduku mawili yanayopita chini ya milango, lile handaki, ukuta wa mbele ya miguu, ukuta wa nyuma ya siti, na fremu ya kioo cha mbele.

Kwa hiyo kucheza kidogo ni kwa kuzaliwa, usikusumbue. Ila mlango kugoma siyo kwa kuzaliwa. Hapo kuna kiungo kimeacha kazi.

Na hizo springi. Shimo lolote lazima limezwe na kitu. Tairi linameza kidogo, springi inameza kingi, mabaki ndiyo bodi inapewa. Wewe umefunga tairi lisilomeza na springi isiyomeza. Bodi inakula sahani nzima.

Kabla hujanunua kitu kingine, pima. Gari liwe kwenye sakafu iliyonyooka, vioo vya paa vimefungwa. Fungua mlango, chukua tepu, pima mshazari wa uwazi wa mlango: toka boliti ya bawaba ya juu mpaka kwenye kile chuma kinachong'atwa na kitasa. Andika. Piga jeki kona ya nyuma upande huo, kwenye sehemu yake ya jeki, mpaka tairi liache tu kugusa ardhi. Pima tena hapo hapo. Usiingie chini, na mlango ukikataa kufunga usiulazimishe, shusha jeki kwanza. Rudia upande wa pili. Leta namba.

Drift la Kinondoni

Nondo na heshima zako, lakini usivunje watu moyo kuhusu vyuma. Mimi nina Altezza, nimefunga bomba la mbele la Cusco, na tofauti naiona kwa macho. Kona ya Selander pale zamani nilikuwa narekebisha stelingi mara mbili, sasa mara moja.

Nondo Nyundo

Sikatai. Altezza ina paa. Lile bomba kazi yake ni kuzuia vichwa viwili vya shokapu visisogeleane, basi. Linashika pua ya gari. Huyu mgonjwa wake anaumwa kiuno.

BintiRoadster

Samahani naingia kidogo. Nina Eunos Roadster ya 1990, yangu ni turubai lakini ugonjwa ni huo huo. Nilihangaika miezi na dashibodi kutetemeka, mwisho nikagundua kijana wa sheli alikuwa anajaza upepo 40 kila tairi kwa sababu ndivyo anavyojaza Noah. Kwenye hiyo Roadster Mazda walisema 26. Nimeshusha, nusu ya kelele ikaondoka bure. Kaka angalia upepo wako kabla hujamlipa mtu.

PaaWazi

Dada, nimetoka kuangalia sasa hivi. 38 zote nne. Naona aibu.

Mwana wa Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nina MR2 ile ndogo iliyoitangulia yako, AW11 ya 1987, pia ya vioo viwili. Huku Kenya sheria ya kutoagiza gari lililozidi miaka minane imefunga mlango kitambo, kwa hivyo zilizobaki tunazitunza kama maiti wa mfalme; ukiharibu hakuna nyingine ya kuagiza.

Nitakuambia kitu ambacho gari yangu ilinifunza kwa machozi. Maji yakipita kwenye raba za paa hayaishii kwenye kapeti. Yanateremka hadi pembeni ya sakafu, yanatafuta njia, yanaingia ndani ya hilo sanduku la chini ya mlango ambalo bwana Nondo amelitaja, na humo yanakaa. Sisi huku tuna pia hewa ya chumvi juu yake. Kwa nje rangi inang'aa, kwa ndani chuma kishakuwa biskuti. Yangu ilikuwa hivyo pande zote mbili, na aliyeniuzia alijua, maana alikuwa amejaza puti ikapigwa msasa vizuri kabisa.

Chukua sumaku ya friji, ifunge kitambaa laini isikwaruze, ipitishe taratibu kwenye hilo sanduku toka mbele hadi karibu na tairi la nyuma. Itakaposhindwa kushika, hapo hakuna bati. Kisha inua kapeti, weka mkono. Kama sifongo ya chini ina maji na hakujanyesha wiki nzima, usiulize tena.

Paa hilo lina mifereji na vijibomba vya kutolea maji. Vizibue kwa mshipi wa kuvulia, ule mnene wa plastiki, polepole. Usipige upepo wa kompresa, vijibomba vinachomoka kwenye maungio huko ndani na hutavifikia bila kubomoa.

Pwani Houston

Wakuu, niko Marekani, naendesha Corvette C4 ya 1985. Nimesoma uzi wote nikacheka peke yangu, maana haya mambo waliyahangaikia hata wenye kiwanda.

Mwaka 1968 Corvette ya kizazi cha tatu ilipotoka, nia ilikuwa paa lote litoke kipande kimoja. Bodi ikajinyonga, ikabidi waache mhimili katikati, ndiyo likawa paa la vipande viwili kama lako. Kizazi changu, cha mwaka wa modeli 1984, kikaja na kisa kilekile kinyumenyume: gari lilichorwa likiwa na huo mhimili, halafu kazi ikiwa imeshafika mbali ukaamuliwa uondolewe. Kufidia wakanenepesha masanduku ya chini ya milango. Mtu akiona ninavyoingia kwenye gari langu anadhani naingia kwenye beseni. Unavuka ukuta kwanza. Walipotoa ya turubai mwaka 1986 wakaongeza vyuma vya umbo la X chini ya tumbo.

Paa langu linafungwa kwa boliti nne, mbili mbele mbili nyuma, na lina spana yake inayokuja na gari. Lile siyo kofia, ni sehemu ya bodi. Nikiliacha boliti moja haijabana sawasawa, naisikia kabla sijatoka kwenye geti. Na sijawahi kupiga jeki paa likiwa nje, sithubutu. Ukilitoa gari likiwa limesimama kwenye mteremko au tairi moja juu ya ukingo, kulirudisha ni vita, matundu hayaonani.

Mzee wa IST

Gari la kuvuliwa kofia kwa spana. Haya.

PaaWazi

Wakuu, namba hizi hapa. Nimeshusha upepo kwanza, mtetemo umepungua kidogo, asante dada.

Upande wa kushoto, kabla ya jeki na baada: tofauti milimita 1. Upande wa kulia: milimita 4. Nimerudia mara tatu nikidhani tepu imeniteleza.

Sumaku nayo imenipa habari. Kushoto imeshika mwanzo mwisho. Kulia imeteremka yenyewe, kama imeambiwa ondoka, kwenye eneo la shubiri mbili hivi mbele ya tairi la nyuma. Nimeinua kapeti: sifongo imelowa na inanuka. Nimechokoa kwa bisibisi, imeingia mpaka kwenye mpini. Sijui nicheke au nilie, maana miezi yote hii nilikuwa nanunua mabomba ya kung'aa.

Nondo Nyundo

Hiyo ndiyo milimita 4 yako. Swali la pili: kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa?

PaaWazi

Ndiyo. Mwaka jana jiwe la lori lilikipasua, nikabadilishiwa kwa siku moja. Kwa nini?

Nondo Nyundo

Sukuma raba ya pembeni kidogo, angalia kilichokishika. Ikiwa nyeusi, ngumu kama kisigino cha kiatu, salama. Ikiwa nyeupe au ya kupitisha mwanga na inavutika kama bigijii, umewekewa silikoni ya madirisha ya aluminiamu.

Kioo cha mbele kwenye gari hizi kinagandishwa kwa gundi ya poliyurethani, na kikishagandishwa kinakuwa ukuta: kinaizuia ile fremu isijinyonge. Kwenye gari lenye paa zima hutaona tofauti kubwa. Kwenye lako, ambalo halina kitu kingine huko juu zaidi ya mhimili mmoja, unaona. Silikoni inazuia mvua tu. Na siku ya ajali, kioo kinatoka mzima mzima.

PaaWazi

Bigijii, mkuu.

Drift la Kinondoni

Duh. Nimetoka kuangalia yangu. Nyeusi. Nimepumua.

Kijana wa Tegeta

Nimesikia watu huko nje wanajaza povu lile la kupanuka ndani ya hayo masanduku, gari linakuwa gumu. Haiwezi kusaidia?

Mwana wa Nyali

Kijana, ukijaza povu kwenye sanduku lenye kutu umeyafungia maji chumbani pamoja na chuma. Na siku fundi atakapokuja na moto wa kuchomelea, hilo povu linawaka na moshi wake si wa kuvuta. Kwa gari lililo safi kabisa ndani labda mjadala upo. Kwa gari la zamani la pwani, usiguse.

Nondo Nyundo

Naunga mkono. Mleta uzi, popote utakapopeleka gari, mambo haya usiyaachie fundi ayaamue mwenyewe.

Tangi lishushwe na litoke nje ya banda, siyo lisogezwe pembeni. Betri itolewe, soketi za kompyuta ya injini zichomolewe. Gari lisimame kwa tairi zake, au liinuliwe likiwa limebebwa chini ya tairi, ili lijikalie linavyokaa barabarani. Vioo vya paa viwe vimefungwa.

La muhimu kuliko yote: kabla hajakata hata inchi moja ya sanduku, afunge bomba la mraba kwenye uwazi wa mlango, toka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, likiwa limebana kweli. Ukikata sanduku bila hiyo nguzo, kiuno kinashuka, halafu unachomelea bati jipya juu ya gari lililoinama. Hapo umeligandisha na ulemavu wake, mlango hautakaa sawa hata ubadilishe bawaba kumi. Nimeletewa mbili za namna hiyo. Moja niliikataa.

Bati bovu likatwe mpaka lifike kwenye chuma kizima, kinacholia kikigongwa. Kiraka juu ya kutu ni urembo. Kiwandani hayo mabati yameshikwa kwa vidoti vya moto, kwa hiyo fundi atoboe matundu kwenye bati jipya na ayajaze kwa moto, doti kwa doti, akirukaruka ili bati lisipate joto likajikunja. Akimaliza, nta ya kuzuia kutu ipuliziwe ndani ya sanduku, na matundu ya chini ya kutolea maji yabaki wazi. Mafundi rangi wetu wana tabia ya kuyaziba kwa sila wakiona ni kasoro.

PaaWazi (mrejesho)

Wakuu, wiki ya tano leo. Kuna waliouliza PM kama gari limeungua. Halijaungua.

Nilimpata fundi anayekubali kusikiliza, na hilo peke yake lilichukua wiki mbili. Wa kwanza nilipomtajia nguzo ya mlangoni aliniambia nimesoma sana. Wa pili akasema tangi halina haja ya kushuka, atalifunika kwa gunia lililolowa. Nikaondoka na gari langu huku ananiitia punguzo.

Sanduku la kulia limekatwa. Ndani tulikuta udongo mwekundu kiganja kizima, majani, na sarafu ya yen mia, kwa hiyo uchafu mwingine umesafiri toka Japani. Bati la pili la ndani, ambalo kwa nje hulioni, lilikuwa limeliwa pia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mlango ulikuwa unagoma. Limejengwa upya na bati la milimita 1.2.

Baada ya hapo kioo cha mbele. Silikoni imekwanguliwa yote, fremu ikapakwa rangi ya msingi, gundi sahihi ikawekwa. Fundi vioo akaniambia niliache gari hapo hapo siku nzima, kioo cha mlango kikiwa kimeshushwa, kwa sababu ukibamiza mlango gari likiwa limefungwa kote, hewa ya ndani inakisukuma kioo kabla gundi haijashika. Sikuwahi kulifikiria hilo maishani.

Rimu 17 nimeziuza. Nimerudi kwenye 15 na saizi zake za kiwandani, 195/55 mbele na 225/50 nyuma. Springi na shokapu nimezunguka Gerezani siku mbili nikapata seti ya kawaida iliyotumika, mafuta hayavuji. Bushi za mikono ya chini mpya, za raba, siyo zile ngumu za plastiki za rangi rangi.

Namba: kulia imeshuka kutoka milimita 4 hadi 1. Pale mtaroni nimesimama makusudi, tairi moja juu, mlango umefunguka kwa vidole viwili. Nikaufungua na kuufunga mara tano hivi, jirani akauliza kama nina tatizo.

Kwenye rasta stelingi bado inatetemeka kidogo nikiwa nimevua vioo. Nimekubali. Vioo vikiwa vimefungwa, kimya, isipokuwa mlio mdogo kona ya kushoto ya paa.

Mwana wa Nyali

Hongera sana ndugu yangu. Huo mlio wa kona, paka raba grisi ya silikoni, kidogo tu, kwa kitambaa. Usipake grisi ya bearingi wala mafuta ya injini, raba inavimba na kulegea. Mlio usipoondoka, fungua kile chuma kinachong'atwa na kitasa uusogeze mlango ndani kiasi cha unene wa kadi ya simu.

Nondo Nyundo

Kazi nzuri. Pima tena baada ya masika, pande zote mbili. Na kapeti iinue kila mvua kubwa ikipita, mwaka mzima wa kwanza.

Pwani Houston

Hiyo yen mia usiitumie, itundike kwenye funguo.

Drift la Kinondoni

Mkuu, na yale mabomba ya juu ya shokapu umeyafanyaje? Yapo yanauzwa?

PaaWazi

La mbele nimelirudisha, halina madhara na boneti ikifunguliwa watu wanalisifia. La nyuma lipo stoo, linauzwa. Kama una SW20 njoo PM. Mzee wa IST, lako haliingii, nimeshapima.